Siku Ngapi Zinatosha? Notisi ya Kuacha Kazi kwa Mwajiri na Mfanyakazi wa Katavi

Mada kwa semina ya waajiri na wafanyakazi, Mpanda

Utangulizi

Alhamisi ya tarehe 7 Februari 2008, Edward Lowassa alisimama bungeni Dodoma na kueleza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu uwaziri mkuu. Siku iliyotangulia, kamati teule ya Bunge ilikuwa imesoma ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Jumamosi ya tarehe 9, Mizengo Pinda, mzaliwa wa Kibaoni na mbunge wa Mpanda Mashariki, aliapishwa kushika nafasi hiyo. Mpanda wakati huo ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012.

Siku mbili zilitosha kubadilisha Waziri Mkuu. Zilitosha kwa sababu nyuma ya kiti kile kulikuwa na makatibu wakuu, mafaili, masjala na watumishi waliojua kazi ya kesho ni ipi. Duka la dawa muhimu lenye mtoa dawa mmoja halina utajiri huo. Shule binafsi yenye mwalimu mmoja wa Fizikia haina. Wala hana mkulima wa tumbaku wa Katumba anayemtegemea kijana mmoja kuchochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia majani, usiku kucha.

Mada hii inajibu swali ambalo wafanyakazi wengi huliuliza kwa kunong'ona: nikitaka kuacha kazi, nitoe notisi ya siku ngapi? Hoja yake ni moja. Sheria imeweka kima cha chini, na kila mtu akijue. Lakini siku za kutosha hasa hupimwa kwa kazi inayoachwa: itachukua muda gani kuikabidhi bila kuharibika?

Sheria inasemaje

Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, sheria inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 41 kinataja viwango vitatu. Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, notisi isipungue siku 7. Baada ya mwezi huo, anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki hutoa au hupewa notisi ya siku 4. Anayeajiriwa kwa mwezi, siku 28.

Siku 28 si mwezi wa kalenda. Aliyeandika barua tarehe 1 Machi na kudhani ni lazima afike tarehe 31 amejiongezea siku mwenyewe, isipokuwa mkataba wake unasema mwezi mzima. Mkataba unaruhusiwa kuweka muda mrefu kuliko wa sheria, kwa sharti moja ambalo waajiri wengi hulisahau: muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili. Mkataba unaomdai mfanyakazi miezi mitatu huku mwajiri akijipa mwezi mmoja unakwenda kinyume cha kifungu hicho.

Jambo la pili linalowaponza wengi ni likizo. Mfanyakazi mwenye siku 28 za likizo ambazo hajazitumia huandika barua ya kuacha kazi leo, kesho akaanza likizo, akihesabu kwamba notisi na likizo zitakwisha pamoja. Sheria inakataza. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Siku za likizo alizostahili na hakuzichukua hulipwa kwa fedha kazi inapokoma.

Kuna pia ile notisi maarufu mitaani ya saa 24. Watu huitaja kana kwamba imeandikwa sheriani, lakini kifungu cha 41 hakina kitu kama hicho. Kilichomo ni kwamba mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata katika malipo yake ya mwisho kiasi ambacho angekipata kwa siku hizo. Tuchukue mhudumu wa hoteli anayelipwa shilingi 260,000 kwa mwezi. Kwa jedwali la sheria hiyo, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, nao unakuja kama shilingi 60,000. Wiki nne za notisi ni shilingi 240,000. Akifanya kazi wiki mbili na kuondoka, anaweza kukatwa shilingi 120,000. Mtu anayejua hesabu hiyo mapema huamua kwa utulivu kama kuwahi anakokwenda kunastahili gharama hiyo.

Anayeondoka kimyakimya hali yake ni mbaya zaidi. Kwa Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Yeye anajiona ameacha kazi, na jalada lake linamsoma mtoro.

Majirani wamepima kwa vipimo vyao. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, nayo imeweka siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, imefuata miaka ya utumishi: wiki mbili kwa aliyepita miezi sita, mwezi mmoja kwa aliyefikisha mwaka, miezi miwili kwa miaka mitano, na miezi mitatu kwa miaka kumi na zaidi. Sheria ya Tanzania haijali miaka. Mtu wa miezi mitatu na mtu wa miaka kumi na mitatu wote wana siku 28, na hapo ndipo busara ya wahusika inapohitajika.

Funzo la bani

Tumbaku ya mvuke inaonyesha wazi jinsi siku za sheria na siku za kazi zinavyoweza kupishana. Majani yakishafungwa kwenye vijiti na kupangwa ndani ya bani, moto unawashwa na haupaswi kuzimika. Kwanza joto hushikiliwa chini, karibu nyuzi 38, hadi majani yageuke manjano. Kisha linapandishwa taratibu ili jani likauke. Mwisho linafikishwa karibu nyuzi 70 ili ule mshipa mnene wa katikati ukauke kabisa. Safari yote huchukua siku tano hadi saba. Joto likipanda haraka, jani linaungua na kuwa jeusi. Moto ukilala usiku, jani linaoza au linapoteza rangi, na sokoni gredi inashuka.

Sasa mchukue kibarua anayelipwa kwa wiki, ambaye notisi yake kisheria ni siku nne. Akiitoa asubuhi moto unapowashwa, siku yake ya mwisho itafika bani likiwa katikati. Sheria ameitimiza, lakini mkulima amebaki na majani mabichi nusu, moto mkali, na hakuna mtu anayejua mlango ulifunguliwa lini mara ya mwisho. Kibarua huyohuyo akisema, "Mzee, nikimaliza bani hili naondoka," ameongeza siku moja hadi tatu tu, na ameokoa mavuno ya wiki nzima.

Kipimo hicho kinafaa kwa kazi nyingi za Katavi. Kila kazi ina bani lake, yaani mzunguko usiokatika katikati bila hasara. Kwa karani wa ghala la chama cha ushirika, ni msimu wa masoko hadi mizani ifungwe na stoo ihesabiwe. Kwa mhasibu, ni kufunga mwezi na kuwasilisha makato ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Kwa ofisa mikopo, ni kuwatembelea wakopaji pamoja na mrithi wake, ili wajue sura mpya itakayopokea marejesho. Anayeacha kazi ajiulize kwanza: bani langu linaisha lini?

Mwalimu na tangazo la ajira

Mgogoro unaojirudia zaidi uko shuleni. Mwalimu wa shule binafsi ameomba ajira serikalini kwa miaka. Siku moja majina yanatoka, jina lake limo, na tangazo linamtaka aripoti kituoni kwa muda mfupi, mara nyingi wiki mbili. Notisi yake ni siku 28. Kidato cha Nne wanaingia kwenye mtihani wa Taifa mwezi Novemba, na somo lake halina mwalimu mwingine.

Mwalimu huyo asome mkataba wake kabla ya kuandika lolote. Kama ni wa muda usiojulikana mwisho, notisi ya siku 28 inatosha. Kama ni wa muda maalumu, tuseme miaka miwili, Kanuni za mwaka 2007 zina msimamo mkali zaidi: mfanyakazi anaweza kujiuzulu kabla ya muda pale tu mwajiri anapovunja mkataba kwa kiwango kikubwa, la sivyo wakubaliane kuumaliza mapema. Walimu wengi hawajui hili, nao husaini mkataba wa miaka miwili wakiamini kwamba siku 28 zitawatoa wakati wowote.

Kukubaliana ndiyo njia iliyo wazi, na inaanza mapema. Mwalimu aliyeomba ajira anajua kwamba ameomba. Akimweleza mkuu wa shule mwezi Januari kwamba jina lake linaweza kutoka ndani ya mwaka, shule ina muda wa kumtafuta mwalimu wa akiba, na yeye ana mahali pa kuanzia mazungumzo tangazo linapotoka. Anaweza kukubali kukatwa siku zilizobaki. Anaweza kuacha maazimio ya kazi, andalio na alama za mitihani ya ndani. Asichoweza kukirudisha ni wiki sita za wanafunzi waliokaa bila somo.

Mwajiri ndiye anayefundisha notisi

Ni haki kulisema hili mbele ya waajiri bila kuficha. Wafanyakazi wengi huondoka ghafla kwa sababu wameona yaliyompata mwenzao aliyeaga kwa heshima. Alipeleka barua asubuhi, mchana akanyang'anywa funguo, na mshahara wa mwezi ule ukawa hadithi. Waliobaki wakajifunza kusubiri mshahara uingie kwenye simu, kisha wakazima simu.

Mwajiri ana haki ya kutomtaka tena mtu aliyeaga. Kifungu cha 41 kinamruhusu kulipa mshahara wa kipindi cha notisi badala ya kumweka kazini. Hana haki ya kumtoa bila kumlipa. Na kazi inapokoma, kifungu cha 44 kinamtaka alipe mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi na likizo iliyobaki, na ampe mfanyakazi cheti cha utumishi.

Mfanyakazi naye ajue anachokiacha mezani. Kiinua mgongo cha kifungu cha 42, cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Anayeacha kwa hiari hakipati kwa mujibu wa sheria. Fao la kukosa ajira katika mifuko ya hifadhi ya jamii nalo halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari. Kwa hiyo barua isiandikwe kwa hasira ya siku moja, wala kabla ya barua ya kazi mpya kufika mkononi. Aliyesukumwa aondoke kwa manyanyaso ana njia nyingine: kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30.

Barua yenyewe

Barua ya notisi ni ya maandishi. Itaje sababu kwa kifupi, tarehe inapotolewa na siku ya mwisho kazini. Sentensi nne zinatosha, nazo zisiwe mahali pa kulipia kisasi. Mfanyakazi achapishe nakala mbili. Moja abaki nayo, ikiwa na sahihi ya aliyepokea, tarehe na muhuri. Ugomvi unapofika CMA, swali la kwanza huwa barua ilipokelewa lini, na karatasi hiyo moja hulimaliza.

Makabidhiano nayo yaandikwe: funguo, fedha taslimu, vifaa, nywila za kompyuta, madeni ya wateja, kazi zilizo njiani. Pande zote mbili zisaini. Ni ulinzi zaidi kwa anayeondoka kuliko kwa anayebaki, maana kitakachopotea wiki ijayo hakitawekwa juu yake.

Mapendekezo

Semina hii inaombwa ikubaliane juu ya mambo manne. Kila mwajiri wa Katavi na wilaya zake asomee wafanyakazi wake kipengele cha notisi siku ya kusaini mkataba, kwa Kiswahili. Vibarua wa tumbaku na wakulima wao wapatane tangu mwanzo wa msimu kwamba hakuna anayeondoka bani likiwa na moto. Shule binafsi ziweke mezani suala la ajira za Serikali mwanzoni mwa mwaka, badala ya kungoja majina yatoke. Na mwajiri atakayepokea barua ya notisi kesho asubuhi aipokee kwa mkono, aigonge muhuri, na amlipe mtu wake hadi siku ya 28.