UTAFANANA NA UNAYETEMBEA NAYE

Masomo: Mithali 13:20, 1 Samweli 22:1-4, 2 Samweli 21:15-22

  

Asubuhi hii tunasema juu ya watu walio karibu nasi: ndugu wa damu, marafiki, jirani wa parseli moja, wenzetu wa korali na wa selula ya maombi. Tutaona namna Mungu anavyotutajirisha kwa watu hao, na namna tunavyofanana nao hata bila kujua.

Mithali 13:20 inatufundisha mambo mawili. Mtu anayetembea na wenye hekima atapata hekima, na anayeshikana na wapumbavu ataumia. Angalia neno hilo la kutembea. Kusikiliza kunaweza kuwa kwa saa moja ya ibada, lakini kutembea ni kwa kila siku. Kijana wa Bukavu akikaa Kinshasa miaka miwili anarudi na Kilingala kinywani, na hata kicheko chake kimebadilika. Hakuna aliyemwita darasani. Angalia wazee waliooana miaka 40: mmoja akianza habari, mwingine anaimaliza. Angalia mtoto aliyelelewa na nyanya yake: anatembea mikono nyuma kama mwanamke wa miaka 70! Tunakunywa tabia za watu kama ardhi inavyokunywa mvua.

1. Jeshi la Sauli lilifanana na Sauli

Tufungue 1 Samweli 17. Goliathi alijitokeza asubuhi na jioni kwa siku 40. Upande wa Israeli kulikuwa na askari, na kulikuwa na mfalme mrefu kuliko watu wote. Lakini mstari wa 11 unatuambia kwamba Sauli na Israeli wote walisikia maneno ya Mfilisti wakaogopa sana. Unaona mpango huo? Sauli kwanza, kisha Israeli wote. Mkubwa wa nyumba akitetemeka, nyumba yote inatetemeka. Papa, ukirudi jioni na kusema kila siku kwamba maisha yamekwisha na Mungu ametusahau, usishangae mwanao wa miaka 15 akisema hivyo hivyo.

2. Watu wa Adulamu walifanana na Daudi

Sasa twende 1 Samweli 22. Daudi anamkimbia Sauli, anajificha katika pango la Adulamu. Ndugu zake na nyumba yote ya baba yake wanasikia, wanashuka kwake. Kumbuka Eliabu, kaka yake mkubwa, aliyemkasirikia siku ya Goliathi na kumwambia maneno ya kumshusha. Lakini siku ya dhiki familia ilishuka. Ndiyo familia hiyo, wapendwa: mnagombana juu ya kiti, lakini kukiwa na kilio, wote wanafika.

Nani wengine walifika? Biblia inataja makundi matatu: watu wenye dhiki, watu wenye madeni, na watu wenye uchungu moyoni. Jumla yao karibu 400. Hebu fikiri kanisa la namna hiyo! Hakuna mwenye franka, hakuna mwenye amani, na wadai wanawatafuta. Mchungaji gani angefurahi kupokea washirika hao 400 siku moja?

Lakini ruka mbele mpaka 2 Samweli 21, miaka mingi baadaye. Daudi amechoka vitani. Jitu linaloitwa Ishbi-benobu linataka kumwua, na Abishai anaingia kati, analipiga. Kisha Sibekai anaua jitu jingine, Elhanani la tatu, na Yonathani, mwana wa Shama nduguye Daudi, anaua la nne, lile lenye vidole 24. Majitu manne katika sura moja! Na Daudi mwenyewe, katika Biblia yote, tunasoma kwamba aliua jitu moja tu.

Chini ya Sauli hatusomi kwamba askari wake hata mmoja alithubutu kumkaribia Goliathi. Kando ya Daudi, watu wake wakawa wauaji wa majitu. Wafilisti hawakupungua urefu. Kilichobadilika ni mtu waliyekula naye, waliyelala naye pangoni, waliyemwona akiomba na akilia.

Na haikuwa kazi ya siku moja. Katika sura ya 24, Sauli anaingia pangoni peke yake, na watu wa Daudi wanamsukuma amwue. Daudi anawazuia. Katika sura ya 26, Abishai anaomba ruhusa ampige Sauli kwa mkuki akiwa usingizini. Daudi anakataa tena. Wale watu walikuwa bado na uchungu wao. Daudi alipaswa kuwaonyesha mara ya kwanza, na mara ya pili. Wewe mwenye mume asiyeokoka bado, wewe mwenye mdogo wako mkaidi, sikia hapo. Watu hubadilika polepole. Endelea kutembea nao.

3. Rafiki anatajirisha maisha

Daudi naye alikuwa na mtu wake. Katika 1 Samweli 14, Yonathani anapanda mwamba pamoja na mchukua silaha wake, watu wawili tu mbele ya kambi ya Wafilisti, akiamini kwamba kwa Bwana si shida kuokoa kwa watu wengi au wachache. Wakaangusha watu kama 20. Sura tatu baadaye Daudi anasimama mbele ya Goliathi na imani ileile. Sasa unaelewa kwa nini, katika sura ya 18, roho zao zilishikana. Walikuwa na Mungu mmoja ndani yao.

Yonathani huyo ni mwana wa Sauli mwoga! Basi usiseme, “Mimi ni mtoto wa mlevi, nitakuwa mlevi.” Damu inavuta, lakini damu si gereza.

Yonathani alimpa Daudi vazi lake, upanga, upinde na mshipi. Lakini zawadi kubwa iko katika 1 Samweli 23:16. Daudi yuko msituni, anawindwa. Yonathani anaondoka, anamfuata huko huko, anautia nguvu mkono wake katika Mungu. Hakumletea jeshi. Alimletea imani. Je, unaye rafiki wa namna hiyo? Wengi wanatupigia simu tukiwa na kazi. Yule anayekuja tukiwa msituni ni wa kuhesabiwa kwa kidole. Mama wa likelemba aliyekuja na kikapu cha makala siku mtoto wako alipougua, akaketi mpaka usiku, huyo ni utajiri kuliko duka. Umwambie leo asante.

Na huruma ya Yonathani ilihama, ikaingia ndani ya Daudi. Yonathani alipokufa, Daudi akawa mfalme, akauliza kama kuna mtu aliyebaki wa nyumba ya Sauli ili amtendee mema kwa ajili ya Yonathani. Wakamleta Mefibosheti, kilema wa miguu yote miwili, akala mezani pa mfalme siku zote. Yonathani alikuwa kaburini, lakini wema wake ulikuwa unagawa chakula Yerusalemu. Rafiki mwema hafi mzima. Anabaki katika tabia zako.

4. Watoto wawili wa nyumba moja

Hapa ninaomba wazazi na vijana msogeze redio karibu. Tulisema kwamba yule aliyeua jitu la nne ni Yonathani, mwana wa Shama nduguye Daudi. Sasa soma 2 Samweli 13:3. Amnoni, mwana wa Daudi, alikuwa na rafiki jina lake Yonadabu, mwerevu sana. Yonadabu ni mwana wa nani? Wa Shama, nduguye Daudi! Baba mmoja, na baba mdogo wao ni mfalme mmoja. Mmoja anashinda na wapiganaji, anaangusha jitu. Mwingine anashinda na mtoto wa mfalme mwenye tamaa, anampa shauri baya, na shauri lile lilimharibu Tamari, likamwua Amnoni, likapasua nyumba ya Daudi.

Vijana wetu, mnajua hayo kuliko mimi. Wako waliotoka nyumbani wapole, wakafuata wenzao kwenye mashimo ya dhahabu, Kamituga ama Misisi. Sisemi mchimbaji ni mtu mbaya. Wako wanaosali kule na kutuma karo ya wadogo wao. Lakini ulikwenda na nani? Unalala chumba kimoja na nani? Wako pia waliobeba silaha bila kumchukia mtu yeyote. Marafiki watatu wa mtaa walikuwa wamekwenda, naye aliona haya kubaki. Hivyo ndivyo tunavyozika watoto. Mzazi, ujue majina ya marafiki wa mwanao. Waite nyumbani, wape bugali na sombe, wasikie wanavyoongea. Hata yule rafiki anayeingia usiku kwa njia ya telefone, ni rafiki, na anafundisha.

5. Usitumie neno hili kufukuza watu

Mtu atasema: “Mchungaji, basi nikate wote wasiookoka.” Hapana! Wale 400 wa Adulamu walikuwa kundi gani? Wenye uchungu na madeni. Daudi aliwapokea, lakini hakukubali uchungu wao uwe kiongozi wake. Bwana Yesu alikula na watoza ushuru, na Zakayo ndiye aliyebadilika. Uliza hivi: katika urafiki huu, nani anamvuta nani? Ukiona wewe ndiwe unayevutwa, ondoa mguu mapema, ukiendelea kumwombea.

Na kuna jambo lingine, nitalisema wazi. Katika miji yetu watu wanaambiwa katika unabii kwamba shangazi ndiye anayefunga ndoa yao, kwamba nyanya ndiye anayekula bahati yao, kwamba mtoto fulani nyumbani ni mchawi. Kisha mama mzee anaondolewa nyumbani, mtoto wa ndugu anatupwa barabarani. Wapendwa, hiyo si ukombozi. Daudi alipokuwa mkimbizi, hana nyumba, jambo alilofanya ni lipi? 1 Samweli 22:3-4: aliwapeleka baba yake na mama yake kwa mfalme wa Moabu wakae salama. Bwana Yesu, misumari ikiwa mikononi, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi. Na Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Imani ya Timotheo huyo ilipita kwanza kwa nyanya yake Loisi, na kwa mama yake Eunike. Ukimfukuza mzee nyumbani, labda unamfukuza Loisi wa watoto wako. Kama kuna mtu umemtoa kwa sababu ya unabii, ninakusihi mbele za Mungu, nenda ukamrudishe. Usingoje juma lijalo.

6. Tufanye nini?

Kwanza, chukua daftari, andika majina ya watu watano unaokaa nao zaidi. Mbele ya kila jina, andika kitu kimoja ulichochukua kwake. Usimwonyeshe mtu, mwonyeshe Mungu.

Pili, mtafute Yonathani mmoja. Umwombe Mungu, kisha utoke nyumbani. Aliye na haya ya kutembelea watu atakaa peke yake. Na wewe mwenyewe uwe Yonathani wa mtu. Kuna Daudi msituni anakungoja.

Tatu, kaa na Yesu. Katika Mathayo 26:73, watu walimtambua Petro kwa usemi wake: lafudhi ya Galilaya ilimfichua, naye alikuwa anakana. Lakini katika Matendo 4:13, wakubwa wa baraza walimtazama Petro na Yohana, watu wasio na elimu kubwa, wakaona ujasiri wao, wakatambua kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Kwanza Petro alinukia kijiji chake. Baadaye akanukia Bwana wake. Watu wa mtaa wako wakikusikia ukigombania maji kwenye bomba, wanatambua ulikuwa na nani?

Mpendwa unayesikia na hujampa Yesu maisha yako, Yeye alisema kwamba hatuiti tena watumwa bali marafiki. Pango lake lipo wazi kwa wenye dhiki, kwa wenye madeni, kwa wenye uchungu. Njoo ulivyo. Hutabaki ulivyo.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa watu uliotupa. Wakumbuke waliobaki peke yao kwa sababu ya vita na vifo. Uwape ndugu wapya katika kanisa lako. Uwatoe watoto wetu katika njia za Yonadabu. Uwarudishe nyumbani wazee na watoto waliofukuzwa, na utupe moyo wa kuwafungulia mlango. Utufanye tufanane na Mwanao. Katika jina la Yesu. Amina.