Sampuli ya Mawe ya Dhahabu



Mnunuzi wa mahindi ajuaye kazi yake hatosheki na punje zilizo mdomoni mwa gunia. Huchoma bambo ubavuni na chini, maana yaliyo mema huenda yamewekwa juu. Mchimbaji wa dhahabu apaswa kushuku vivyo hivyo, ijapokuwa jiwe halina hila.

Tangu dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka wa 1931, wengi wamechimba nchi ile, na wangali wakichimba. Mtu akikuta mshipa wa mawe meupe, jicho lake huvutwa na kipande king'aacho. Akikipeleka kwa mkemia, ataletewa jibu la kweli juu ya kipande, nalo ni uwongo juu ya mshipa. Kisha huuza ng'ombe apate kununua pampu na mbao, akitegemea hesabu ile.

Njia iliyo sawa ni kukata mfereji mwembamba kuvuka mshipa wote, toka ukingo hata ukingo, upana na kina visibadilike. Mawe laini humomonyoka upesi kupita kadiri. Hapo wengi hukosea. Vipande vyote hupondwa, vikachanganywa, vikarundikwa mfano wa pia. Rundo hutandazwa, likagawanywa mafungu manne. Mawili yanayoelekeana huwekwa, mawili huondolewa. Yaliyobaki hupondwa laini zaidi kabla ya kugawanywa tena.

Kupunguza bila kuponda ni hatari. Mawe yakiwa na gramu 5 za dhahabu kwa tani, gramu 30 ayeyushazo mkemia zina dhahabu miligramu 0.15 tu. Punje moja yenye upana wa sehemu ya tano ya milimita yatosha uzito huo. Ikiingia, shimo laonekana tajiri. Ikibaki nje, laonekana tupu, na mizani ya mkemia haina kosa. Mfaransa Pierre Gy, aliyefariki mwaka wa 2015, aliliwekea jambo hili hesabu: vipande vikizidi upana mara 2, sampuli yapasa kuzidi uzito mara 8.

Hila ya wanadamu nayo ipo. Mwaka wa 1997 iligunduliwa kwamba sampuli za Busang, katika kisiwa cha Borneo nchini Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu ya mahali pengine. Hisa za kampuni ya Bre-X ya Kanada, zilizokuwa zimefikia thamani ya mabilioni ya dola, zikawa karatasi tupu. Mawe yale yalikuwa yakipondwa karibu yote, isibaki nusu ya kupimwa na mwingine. Wachimbaji waangalifu huitia nusu hiyo mfukoni, wakaifunga na kuandika namba ya shimo na tarehe.