USALAMA WA MTAA NI KAZI YA MAJIRANI
(Hotuba kwa wenyeji wa Mbaraki, Mombasa)



Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Maneno hayo yafaa kukumbukwa Mbaraki, pembeni mwa kisiwa cha Mombasa, kati ya bandari ya Kilindini na kivuko cha Likoni. Hapa watu hupita usiku na mchana, huyu aenda zamu, yule arejea. Na mwenye nia mbaya hupata maficho mahali ambapo mtu hamjui jirani yake. Askari polisi hawawezi kusimama katika kila uchochoro, bali jirani yupo daima.

Zamani wenyeji wa Mombasa walijipanga katika mataifa kumi na mawili: Tisa kwa upande mmoja, na Matatu kwa upande wa pili, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Kila taifa lilikuwa na wazee wake, na palipotokea shauri watu walijua mlango wa kubisha. Siku hizi wakaao Mbaraki wametoka pande nyingi, wala hawana wazee wa ukoo mmoja. Kwa hiyo kinachowaunganisha hakina budi kuwa ujirani wenyewe.

Katika Tanzania chama cha TANU kilianzisha mabalozi wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960. Kenya nayo ilitangaza mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya watu 67 kuuawa katika jengo la Westgate, Nairobi. Hata kabla ya hapo, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ilikuwa imewataka polisi washirikiane na raia.

Hata hivyo wako waliouogopa mpango huo, na hofu yao ilikuwa na sababu. Ng'ambo ya kivuko, katika Kwale, baadhi ya wazee wa Nyumba Kumi waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wapelelezi. Hapo pana funzo: mzigo wa mtaa usiwekwe juu ya kichwa cha mtu mmoja. Nyumba zote kumi zikipeleka neno pamoja, adui hana mmoja wa kumlenga. Tena neno lipelekwalo liwe juu ya kitendo kilichoonekana, wala si juu ya dini ya mtu, kabila lake, au mavazi yake.

Kazi zenyewe si kubwa. Kwanza, mwenye nyumba awajulishe majirani mpangaji mpya, ili asiwe mgeni wa kushukiwa. Pili, kila mlango uwe na taa, na uchochoro usizibwe kwa takataka, maana kiza na uchafu ni rafiki za mwizi. Tatu, arejeaye usiku kutoka kazini, hasa mwanamke, apate wa kumsindikiza. Nne, vijana wasio na kazi waitwe barazani na kusikilizwa; kijana aliyepewa zamu ya kulinda mtaa wake ni vigumu kuuibia.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote. Ukelele wa "Mwizi!" unapopigwa, watu hutoka na fimbo na mawe, na mara nyingine aliyeanguka huonekana baadaye kuwa hakuiba kitu. Sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini, walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipunguza wizi wa ng'ombe. Lakini baadhi yao waliwaua watu waliodhaniwa tu kuwa wezi au wachawi. Walinzi waliojifanya mahakimu wakawa wao ndio hatari. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kila mshtakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Basi mtu akikamatwa, azungukwe asikimbie, polisi waitwe, na wazee wawili wasimame karibu naye asipigwe, mpaka akabidhiwe akiwa mzima.

Mtaa ufanyao hivyo hulala salama mara mbili: mwenye mali haogopi kuibiwa, wala mtoto wa maskini haogopi kusingiziwa. Na kazi hiyo yaweza kuanza jioni ya leo, kwa kubisha hodi mlango wa pili na kuuliza jina la akaaye humo.