Redio, Nyimbo na Vijana Wetu



Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928. Kwa miaka mingi chombo chenyewe kilikuwa kikubwa, tena cha ghali, kikasikilizwa na watu wengi pamoja. Alichosikia mtoto, mzee alikisikia pia. Mwaka 1954 redio ndogo za transista zilianza kuuzwa Marekani, na baadaye zikafika hata machungani kwetu. Hapo kijana akaanza kusikiliza peke yake, na mzazi akaingiwa na hofu. Leo nyimbo zimo ndani ya simu, na masikio yamezibwa.

Wazee, msizilaumu nyimbo. Waborana huimba wakinywesha mifugo visimani, ili mikono ya wateka maji iende pamoja. Wimbo huo hurithiwa kwa kusikia. Aliyeziba masikio ataurithije?

Basi, mzazi, usimnyang'anye kijana chombo chake. Keti naye jioni, umwulize wimbo wake wasema nini. Nawe kijana, ufikapo kisimani, zibua masikio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu asiyemsikiliza mtoto, atamwonyaje?