Mvua Hunyesha Nyeri, Maji Yakafika Hola: Tusomeje Utabiri wa Wiki Msimu Huu wa Vuli?

Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Tana River



Vuli imeingia. Kuanzia Oktoba hadi Desemba tutakuwa tukipokea utabiri wa siku saba kutoka Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, na kazi ya ofisi yetu ni kuufikisha kwenu. Leo nina ombi moja. Utabiri huo ukikufikia, usiishie pale panapotajwa Tana River. Tazama pia unasema nini kuhusu Nyeri, Murang'a, Embu, Tharaka Nithi na Meru.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli. Lakini kwetu sisi tunaoishi kando ya mto, dalili ya mafuriko si mawingu yaliyo juu ya vichwa vyetu. Mto Tana una urefu wa kilomita 1,000 hivi, nao huanza kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Mvua inayojaza mto huu hunyesha huko. Ndiyo maana maji yanaweza kuingia nyumbani Hola jua likiwa linawaka na vumbi likitimka barabarani.

Kati ya milima hiyo na sisi kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga liko juu ya mengine na ndilo kubwa zaidi. Likiwa na nafasi, hupokea maji ya milimani na kuyashikilia, nasi huku chini hupata nafuu. Likijaa hadi mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, maji ya ziada humwagika na kuteremka bwawa hadi bwawa. Huchukua siku kadhaa kufika Garissa na Madogo, na siku nyingine kadhaa kufika Hola, Wenje, Garsen na hatimaye Kipini. Siku hizo ndizo akiba yetu. Mwenye kuzitumia huhama mchana, kwa mpango, akiwa na mali yake. Mwenye kuzipuuza huhama usiku akiwa amebeba watoto tu.

Kwa hivyo kila wiki jiulize maswali matatu.

La kwanza: milimani kunatarajiwa mvua kiasi gani? Utabiri unaposema "mvua kubwa" huwa ni zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Milimita 20 kwenye shamba la ekari moja ni takriban lita 80,000. Zidisha hiyo kwa milima mizima, kwa siku tatu au nne mfululizo, ndipo utaelewa maji hayo hutoka wapi.

La pili: Masinga limejaa? Mvua ileile inayomezwa na bwawa mwanzoni mwa vuli inaweza kutufikia yote bwawa likiwa limejaa. Tangazo la kujaa kwa bwawa likitolewa, tutalitangaza redioni na kupitia machifu siku hiyohiyo.

La tatu: na huku kwetu je? Mvua yetu wenyewe hujaza laga. Laga haingoji siku kadhaa kama mto. Hujaa kwa saa chache, na wakati mwingine mvua yake imenyesha mbali na pale unapovukia. Bodaboda, matatu na lori, msijaribu kuvuka maji yanayokwenda kasi kwa sababu mwenzenu amepita. Ngojeni yapungue.

Najua kuna atakayesema, "Wiki jana walitabiri mvua na kwetu halikudondoka hata tone." Utabiri wa wiki huzungumzia eneo pana. Ukisema mvua itanyesha "sehemu chache", maana yake ni chini ya theluthi moja ya eneo hilo. Huenda Bangale wakapata na Bura wakakosa, na utabiri ukawa haukukosea. Tena utabiri wa siku mbili tatu ni wa kutegemewa kuliko wa siku ya saba, kwa hivyo fuatilia kila taarifa mpya inayotolewa.

Hatuzungumzi mambo ya kufikirika. Novemba 2023 maji yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na familia nyingi za kaunti hii zikalala kambini. Aprili 2024, wakati wa masika, boti ilipinduka Kona Punda na tukapoteza wenzetu waliokuwa wakijaribu tu kuvuka. Tusiingie kwenye boti iliyojaa kupita kiasi, wala ile isiyo na jaketi za kuokolea maisha.

Kabla mto haujapanda, tufanye haya. Mkulima, vuna kilichokomaa na uondoe pampu yako ukingoni. Mfugaji, panga na wenzako mapema njia ya kutoka malka kwenda nyanda zilizoinuka, na uwachanje mifugo kila chanjo inapotolewa: mafuriko ya 1997 na mvua za 2006 zilifuatwa na homa ya Bonde la Ufa. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe. Kila nyumba, funga vitambulisho, vyeti vya watoto na kadi za kliniki kwenye mfuko wa plastiki. Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa, na kila mtu alale ndani ya chandarua. Watoto wasicheze ukingoni, kwani maji yakipanda mamba na viboko nao huhama.

Chifu akisema tuhame, tusingoje kuyaona maji kwanza. Jirani aliye mzee, mgonjwa au mwenye ulemavu ajulikane leo ni nani atakayembeba. Kwa dharura, piga nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya bila malipo.

Mto huu hutulisha, na vuli njema ni neema kwa shamba na malisho. Tuipokee tukiwa macho. Utabiri wa wiki ijayo ukikufikia, mwambie na jirani asiye na simu.

Tahadhari kabla ya hatari.