Usalama wa Winchi Mwanzoni mwa Zamu
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama mbele ya Makatibu na Wanachama)



Msimu wa pamba ukifika, malori hupanga foleni kinuni tangu alfajiri, na kila mtu hutaka robota la kwanza lipakiwe mara moja. Hiyo ndiyo saa ya hatari. Winchi iliyofanya kazi vema jioni si lazima iwe salama asubuhi. Huenda unyevu umeingia kwenye breki, au zamu iliyopita imeacha waya uliochakaa bila kutoa taarifa.

Kwa hiyo, mwendeshaji na atimize mambo manne. Kwanza, asome daftari la zamu iliyotangulia. Pili, akague kamba ya waya, minyororo na ndoano. Akiona nyuzi zilizokatika, kutu iliyokula chuma, au ndoano iliyopanuka mdomo, kazi isimame. Tatu, aendeshe winchi bila mzigo, ajaribu kila kitufe pamoja na swichi inayozuia ndoano isigonge ngoma. Nne, ainue mzigo wa kwanza sentimita chache tu, asite, aone kama breki inaushika.

Lipo jambo linalodharauliwa: pembe ya minyororo. Marobota matano ya kilo 200 ni tani 1. Minyororo miwili ikiwa wima, kila mmoja hubeba nusu tani. Ikitanuka hadi pembe iliyo kati yake ifike digrii 120, kila mmoja hubeba tani 1 nzima, ingawa mzigo haukuongezeka hata kilo moja.

Sasa nasema na Makatibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, imemtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi; na chama kinapoajiri, mwajiri ni chama. Mwendeshaji akisema winchi haifai, msimwambie amalize kwanza lori lililopo. Zimeni umeme, fungeni swichi kuu kwa kufuli, andikeni daftarini, mwiteni fundi. Gharama ya lori kuchelewa hulipika. Uhai wa mtu haulipiki. Wala asipite mtu chini ya mzigo, awe kibarua au mwenyekiti.

Naomba kila chama chenye winchi kifungue daftari hilo kabla ya msimu ujao. Nitakapokuja kukagua hesabu, nitaomba kuliona pamoja na daftari la fedha.