Profesa wa Baricho na Tabaka za Kitunguu

Micere Githae Mugo, aliyezaliwa Baricho, Kirinyaga, tarehe 12 Desemba 1942 katika nyumba ya walimu, alikuwa profesa wa fasihi ambaye watu wa Kangari, Nyeri na miji yote ya eneo la Mlima Kenya wana haki ya kumwita wao, ingawa sehemu kubwa ya maisha yake ya kufundisha aliipitisha ugenini. Alisoma Makerere, kisha Kanada, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako pia aliongoza kitivo. Lakini mwaka 1982, kufuatia jaribio la mapinduzi, alilazimika kuikimbia nchi, akavuliwa uraia, akapokelewa na Zimbabwe, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, hadi alipostaafu.

Alichokipenda zaidi ni fasihi simulizi, yaani ngano, vitendawili, methali na nyimbo, ambazo uhai wake umo katika kinywa cha fanani, yule anayeziwasilisha, na katika itikio la hadhira yake. Alipoeleza jinsi jamii za Kiafrika zilivyouona ulimwengu, Mugo aliufananisha na kitunguu, ambacho kikikatwa katikati huonyesha tabaka zilizokumbatiana: mtu yumo ndani ya jamaa, jamaa imo ndani ya jamii, na jamii imo ndani ya ulimwengu mpana, bila tabaka yoyote kusimama peke yake. Na katika fasihi hiyo ndimo alimoziona haki za binadamu, kwa kuwa katika utambaji wa ngano anayesikiliza huitikia, huuliza na hata husahihisha.

Imani hiyo haikubaki darasani. Mwaka 1976, yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o walipochapisha tamthilia ya Kiingereza kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, shujaa wa vita vya uhuru aliyehukumiwa kifo Nyeri mwaka 1956, walikuwa wamekwenda hadi kijijini Karunaini kuwasikiliza waliomfahamu, badala ya kutegemea kumbukumbu za wakoloni waliomnyonga. Huo ndio usomi wa kweli, wa kumwendea mzee kijijini na kumhesabu kuwa mjuzi.

Mugo alifariki tarehe 30 Juni 2023. Tamthilia hiyo ipo kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, na walimu wa shule za eneo la Mlima Kenya wanaombwa waipandishe jukwaani, tena wawaalike wazee wa vijiji vyao waje kuitazama na kusema waliyoyaona.